Bunduki ya kuwindia kulungu isawazishwe kwa yadi ngapi: 100, 200, au "inchi tatu juu"?

Mkaa_Kichaka (mwanzisha uzi)

Heshima kwenu wakuu. Kila msimu wa kulungu unapokaribia hapa Pennsylvania, swali huwa ni lilelile, na siku hizi linaulizwa zaidi na ndugu zetu waliotoka Kongo wanaoishi Lancaster na Erie: bunduki isawazishwe kwa umbali gani, yaani darubini ya kulengea irekebishwe ili risasi igonge palepale unapolenga ikiwa umbali gani? Majibu hutolewa kwa mkato, "weka yadi 100" (yadi moja ni pungufu kidogo ya mita), "weka 200", "weka inchi tatu juu halafu usahau" (yaani risasi igonge inchi tatu hivi juu ya ulipolenga kwa yadi 100), na muulizaji huondoka na namba mkononi bila kujua imetoka wapi. Nimeanzisha uzi huu ili tulijadili jambo hili kwa kirefu, na msimamo wangu nautaja mapema ili anayetaka kunipinga asisumbuke kuutafuta: kwa mtu anayewinda katika misitu ya mashariki mwa Marekani, yadi 100 ndiyo inayofaa, na anayekwenda zaidi ya hapo awe na sababu inayoonekana kwa macho mahali anapowindia.

Tuanze na njia ya risasi yenyewe, kwa sababu bila kuielewa tutabaki kubishana kwa mazoea. Darubini imekaa juu ya mtutu, na kutoka katikati ya mtutu hadi katikati ya darubini huwa kuna takriban inchi moja na nusu, karibu sentimita 4. Risasi huanza kuanguka mara tu inapotoka mtutuni na haipandi juu ya mstari wa mtutu wakati wowote. Ikionekana kupanda, ni kwa sababu mtutu wenyewe umeelekezwa juu kidogo kuliko jicho linavyotazama, kama mtu anayerusha jiwe kwenye embe lililo mbali. Kwa hiyo risasi hukata mstari wa macho mara mbili. Mara ya kwanza ni karibu na mpigaji, ikiwa inakwenda juu, na mara ya pili ni mbali zaidi, ikiwa inashuka. Umbali huo wa pili ndio tunaouchagua tunaposawazisha, na kadiri tunavyousogeza mbali ndivyo risasi inavyozidi kupita juu ya mstari wa macho hapo katikati. Mjadala wote wa 100 au 200 unahusu hapo katikati, ingawa wengi huuzungumzia kana kwamba unahusu mwisho wa safari tu.

Nichukue mfano wa .308 Winchester, risasi iliyoanza kuuzwa mwaka 1952 na ambayo wengi wetu tunayo, yenye kichwa cha greni 150 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) kinachotoka mtutuni kwa mwendo wa futi 2,820 hivi kwa sekunde, yaani takriban mita 860. Ukiisawazisha kwa yadi 100, risasi hiyo ni kama inaugusa tu mstari wa macho kuanzia yadi 60 hadi 100, kisha inaanza kushuka: kwa yadi 200 itakuwa chini kwa karibu inchi 4, na kwa yadi 300 itakuwa chini kwa inchi 14 hivi. Ukiisawazisha kwa yadi 200, itapita juu kwa karibu inchi 2 ukiwa kwenye yadi 100, na kwa yadi 300 itakuwa chini kwa inchi 8 hivi. Tarakimu hizi hubadilika kidogo kulingana na umbo la kichwa cha risasi na urefu wa mtutu, lakini risasi nyingine za kuwindia kama .270 Winchester, .30-06 na 6.5 Creedmoor hazitofautiani nazo kwa kiasi cha kubadilisha hoja.

Sasa tumtazame mnyama. Kulungu mkia-mweupe akisimama ubavu, moyo na mapafu yake yamo ndani ya duara la inchi 8 hivi nyuma ya bega, na wawindaji wenye tahadhari huhesabu inchi 6 tu, ili kosa la mkono lipate nafasi yake. Duara la inchi 6 maana yake ni kwamba risasi inaruhusiwa kupita juu au chini ya pale ulipolenga kwa inchi 3. Kwa kipimo hicho, bunduki iliyosawazishwa kwa yadi 100 inakuruhusu kulenga katikati ya duara, bila kufanya hesabu yoyote, mpaka yadi 185 hivi. Naomba wakuu muisome tena sentensi hiyo, kwa sababu watu wengi huamini kwamba ukisawazisha kwa 100 basi ukivuka 100 umekwisha.

Je, kulungu wetu husimama umbali gani? Kwenye miteremko ya Appalachia, kati ya mialoni iliyopukutisha majani na vichaka vya mountain laurel ambavyo haviachi majani mwaka mzima, mara nyingi humwoni mnyama mzima hata kwa yadi 80. Unaona mstari wa mgongo uliolala pale ambapo miti yote imesimama, kisha sikio linageuka, kisha ndipo unagundua kwamba umekuwa ukimtazama kwa dakika nzima. Mahali pa namna hiyo, uwezo wa bunduki wa kufika mbali hauna kazi. Isipokuwa pale zinapopita nyaya kubwa za umeme, ambapo kampuni hufyeka mlima mzima na kuacha uwazi ulionyooka toka kilele hadi kilele, pamoja na mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Anayekaa kwenye uwazi huo ana hoja yake, nami nitamsikiliza.

Lakini kuna jambo la pili linalonifanya nishikilie 100, nalo ni hali ya mtu mwenyewe. Kulungu akitokea, moyo unaenda mbio, na akili haishiki namba. Aliyesawazisha kwa 100 hana haja ya kukumbuka kitu akiwa msituni, kwa kuwa risasi yake haipiti juu ya mstari wa macho kwa kiasi chochote cha kumdhuru. Aliyeweka "inchi tatu juu" anabeba kosa la inchi tatu hivi kati ya yadi 100 na 150. Akimwona mnyama kwa 130, akadhani yuko 200, akainua mkono kidogo, risasi inapita juu ya mgongo au, vibaya zaidi, inapiga juu ya uti wa mgongo na mnyama anaondoka na jeraha. Kulenga juu bila sababu ni ugonjwa wa wawindaji wote, na sioni kwa nini tuupe chakula.

Naomba kuwasilisha.

Uwazi_wa_Nyaya

Mkuu, umeandika vizuri na hesabu zako ni sahihi, ila umeuhukumu utaratibu wa "inchi tatu juu" kwa kumtazama mtu asiyejua anachofanya. Tumtazame anayejua. Ukiichukua .308 hiyohiyo ukaisawazisha kwa yadi 235 hivi, risasi haitapita juu ya mstari wa macho kwa zaidi ya inchi 3 mahali popote, na haitashuka chini kwa inchi 3 mpaka yadi 275. Maana yake ni kwamba kutoka mdomo wa mtutu hadi yadi 275 ninalenga katikati ya duara lako la inchi 6 na kufyatua, bila kukadiria umbali, bila kuzungusha kitu, bila kuinua wala kushusha mkono. Wewe umejipa yadi 185. Mimi nimejipa 90 zaidi bila kulipa senti. Aliyesema akili haishiki namba ni wewe, na utaratibu huu umetengenezwa kwa ajili ya akili hiyohiyo.

Mimi ninawinda kwenye uwazi wa nyaya uliouzungumzia, na ninamwona kulungu akivuka kwa yadi 90 asubuhi na mwingine akivuka kwa yadi 240 jioni, wote wakiwa na sekunde chache tu kabla ya kuingia kwenye kichaka cha upande wa pili. Muda wa kupima umbali kwa kifaa haupo. Mtu aliyesawazisha kwa 100 akikutana na yule wa 240 analazimika kuinua msalaba wa darubini (ile mistari ya kulengea inayokatana ndani yake) kwa inchi 7 au zaidi juu ya anapotaka kupiga, tena kwa kubahatisha, na hiyo kwangu ndiyo hesabu inayojeruhi wanyama. Nyongeza ni kwamba wenzetu walioko magharibi, Wyoming na Montana, ambako mnyama huonekana toka mbali, wangekushangaa ukiwaambia 100.

Mkaa_Kichaka

Ndugu Uwazi_wa_Nyaya, hoja yako naipokea kwa mahali unapokaa, na sitakushauri ubadilishe. Ninachopinga ni maneno "bila kulipa senti", kwa sababu malipo yapo.

Hesabu ya inchi 3 juu na inchi 3 chini inachukulia kwamba bunduki inapiga tundu moja juu ya tundu jingine. Bunduki nzuri ya kawaida, yenye risasi za dukani, hutawanya matundu matatu ndani ya inchi moja na nusu kwa yadi 100. Utawanyiko huo hukua pamoja na umbali: inchi 3 kwa 200, na zaidi ya inchi 4 kwa 275. Hapo ndipo risasi yako, ambayo kwa hesabu iko chini kwa inchi 3 kamili, iko ukingoni mwa duara, na nusu ya utawanyiko wake unaangukia nje. Halafu kuna upepo. Upepo wa maili 10 kwa saa ukivuma toka ubavuni husogeza risasi hiyo takriban inchi 3 kwa yadi 200, na zaidi ya mara mbili yake kwa 300, nao hauna habari na umbali ulioutumia kusawazisha. Kwa hiyo zile yadi 90 ulizojipa zipo kwenye karatasi. Ni ngapi kati yake zinabaki kwa mtu aliyekaa juu ya gogo, amevaa glavu, bila mfuko wa mchanga wa kuegemeza bunduki? Hilo kila mmoja ajipime kwa kupiga karatasi ya inchi 6 kwa umbali huo, akiwa amekaa vilevile anavyokaa msituni, kabla ya kuamini jedwali la hesabu za risasi.

Kuhusu Wyoming na Montana, tunakubaliana. Huko mimi pia ningeweka 200, tena kwa sababu ya mbuga yenyewe na si kwa sababu ya bunduki.

Mgeni_Erie

Wakubwa shikamooni. Mimi ni mgeni katika mambo haya. Nimemaliza darasa la usalama wa wawindaji na kupewa cheti, na mzee mmoja jirani yangu ameniuzia bunduki ya .30-30 ya zamani yenye darubini ndogo. Uwanja wa shabaha ulio karibu nami ni wa ndani ya jengo na una yadi 25 tu. Aliyeniuzia anasema nikigonga katikati kwa yadi 25 basi niko tayari kwa msimu. Je, ni kweli? Na hizo namba za .308 zinanihusu?

Fundi_Darubini

Marahaba, kijana. Karibu sana, na hongera kwa cheti, kwa sababu wengine huanza na bunduki kisha ndipo wanatafuta darasa.

Alichokuambia jirani yako kina mzizi wa ukweli, lakini kimekatwa kabla ya kufika mwisho. Ukiichukua .308 waliyokuwa wakiijadili ukagonga katikati kabisa kwa yadi 25, risasi inakata mstari wa macho hapo ikiwa inapanda, na itaukata tena kwenye yadi 230 hivi. Yaani umejikuta kwenye "inchi tatu juu" ya ndugu Uwazi_wa_Nyaya bila kukusudia. Kibaya zaidi ni kwamba kosa la nusu inchi kwa yadi 25, ambalo kwenye karatasi linaonekana dogo, linakuwa inchi 2 kwa yadi 100 na inchi 4 kwa 200. Yadi 25 ni mahali pa kuanzia, ili usipoteze risasi kwa kupiga nje ya karatasi. Si mahali pa kumalizia.

.30-30 ni habari nyingine. Ni risasi ya mwaka 1895, inakwenda polepole, futi 2,200 kwa sekunde kwa kichwa cha greni 170, na tangu wakati huo imeangusha kulungu wasiohesabika katika misitu kama yenu kwa sababu msitu haudai zaidi ya hapo. Ukiisawazisha kwa yadi 100 itashuka inchi 8 hivi kwa yadi 200, kwa hiyo hata ndugu zetu wanaobishana hapo juu hawatakuambia uisogeze mpaka 200. Ukifanya hivyo itapita juu kwa inchi 4 hapo kwenye 100, na utakuwa umeiharibu mahali inapofanya kazi vizuri. Weka 100, na ujiwekee mpaka wa yadi 150.

Utaratibu wenyewe ni huu. Anza hapo kwenye yadi 25, ukiwa umeegemeza bunduki sehemu ya mbao, chini ya mtutu, na si mtutu wenyewe, kwa sababu mtutu ukiguswa na kitu kigumu risasi huhama. Piga risasi tatu kwa utulivu, tazama katikati ya matundu hayo matatu, na uisogeze darubini kwa kufuata katikati hiyo, usiifukuze risasi moja moja. Darubini nyingi za kuwindia husogeza robo inchi kwa kila mlio mmoja wa kizungusho, lakini robo hiyo ni ya yadi 100. Kwa yadi 25 kila mlio ni moja ya kumi na sita ya inchi tu, ndiyo maana wageni huzungusha milio minne wakitarajia inchi nzima na kuona hakuna kilichobadilika. Kusogeza inchi moja kwa yadi 25 kunahitaji milio 16. Kisha tafuta siku moja uende kwenye uwanja wa nje wenye yadi 100. Hapo utamalizia kazi, na usiache kungoja mtutu upoe kati ya mafungu ya risasi, kwa kuwa risasi utakayompiga nayo kulungu itatoka kwenye mtutu wa baridi.

Mgeni_Erie

Asante sana mzee wangu. Swali moja la mwisho: nitakuwa nimekaa kwenye kichanja juu ya mti. Je, kupiga kwa kushusha chini kunabadilisha hesabu?

Fundi_Darubini

Kwa umbali wako, hapana. Mvutano wa dunia huhesabu umbali wa mlalo tu, na si urefu wa mstari unaoteremka kutoka kwako hadi kwa mnyama. Ukimlenga mnyama aliye yadi 100 kwa mteremko wa nyuzi 30, ambao ni mkali sana, risasi inaanguka kana kwamba yuko yadi 87, na kati ya 87 na 100 bunduki yako haina tofauti ya kuonekana. Kinachobadilika ni njia ya risasi ndani ya mnyama: ukiwa juu, inaingia juu na kutokea chini zaidi upande wa pili, kwa hiyo fikiria mahali inapotokea na si mahali inapoingia tu.

Mnyama aliye karibu sana chini ya mti, yadi 10 au 15, ni jambo la kuangalia pia. Hapo risasi bado haijafikia mstari wa macho na itapiga chini ya msalaba kwa inchi moja hivi. Kwa kulungu haina madhara.

Uwazi_wa_Nyaya

Niongeze jambo ambalo hatujaligusa, na hapa nitakuwa upande wa Mkaa_Kichaka japo sikupanga. Tangu mwaka 2019 msimu wa bunduki hapa Pennsylvania hufunguliwa Jumamosi baada ya Sikukuu ya Shukrani, badala ya Jumatatu iliyofuata kama ilivyokuwa tangu 1963, lakini kwa vyovyote ni mwisho wa Novemba au mwanzo wa Desemba, na watu wengi husawazisha Septemba wakiwa na fulana. Baruti ikiwa baridi huungua polepole, na risasi hutoka kwa mwendo mdogo zaidi. Kwa aliyesawazisha kwa yadi 100 tofauti hiyo haionekani kabisa. Kwetu sisi tunaotegemea yadi 235 na 275, tofauti ndogo ya mwendo hujumlishwa na kila kitu kingine mwishoni mwa safari, kwa hiyo mimi hurudi uwanjani siku ya baridi ya Novemba na kupiga risasi chache tena.

Vilevile, asibadilishe mtu aina ya risasi baada ya kusawazisha. Sanduku la greni 150 na sanduku la greni 180 huweza kupiga sehemu tofauti hata kwa yadi 100, na si juu au chini tu, bali hata pembeni.

Mkaa_Kichaka

Hilo la sanduku ni muhimu kuliko mabishano yetu yote ya 100 na 200, mkuu. Mgeni_Erie, .30-30 huwa hazikosekani madukani Oktoba lakini aina unayoitaka inaweza kwisha Novemba. Nunua masanduku mawili au matatu ya aina moja mapema, yenye namba moja ya toleo kama unaweza kuzipata, andika kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya sanduku umbali uliosawazishia, na uliweke sanduku hilo pamoja na bunduki. Ukipata nafasi ya kwenda uwanja wa yadi 100, tupigie picha ya karatasi yako uiweke hapa, tutakusaidia kuhesabu milio.